Kurasa za Mwisho za Riwaya ya Kidato cha Nne

Mwezi uliopita nilipita Kigongo kwenda msibani ng'ambo ya Busisi, na gari halikusimama. Kama uliwahi kupita njia ile zamani utanielewa. Tulikuwa tukifika pale tunashuka, tunapanga foleni ya kivuko, tunakula mihogo ya kukaanga na samaki wakavu huku jua likituchoma utosi, na honi ikilia kila mtu anabeba mzigo wake anakimbia. Sasa kuna daraja. Nilikuwa bado natafuta kwa macho mahali walipokuwa wakikaa wauza samaki, kumbe tumeshavuka. Nikajifunga vizuri kanga yangu ya msibani, maana aliyekuwa akizikwa siku hiyo ndiye niliyekaa naye dawati moja hadi kidato cha nne.

Tulisoma sekondari ya kata, upande wa huku Kigongo. Mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa anafanya biashara ya dagaa. Kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia kuwaanika mchangani juu ya nyavu kuukuu, nikawafukuza korongo waliokuja taratibu, shingo ndani, kama wazee wa kanisa wanaopita na kapu la sadaka. Halafu nanawa mikono kwa majivu, natia mfukoni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, naondoka. Harufu ya dagaa haikutoka. Jirani yangu wa dawati hakuwahi kuisema, kwa sababu na yeye alinuka moshi wa samaki wa mama yake. Alitoka Busisi, akavuka kila siku na kivuko cha kwanza, na bado alifika darasani kabla yetu.

Alikuwa wa kwanza katika kila somo, lakini fasihi ya Kiingereza ndiyo aliyoipenda hasa. Alisema atakuwa mwalimu wa somo hilo. Sisi wengine tuliliogopa. Tulikuwa tukiwaza kwa Kisukuma, tukiongea Kiswahili, halafu tunatakiwa tueleze kwa Kiingereza kwa nini mshairi wa Ulaya analilia majani yaliyoanguka. Lakini tulikuwa na mwalimu mzuri. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, miwani mizito. Siku tuliyokutana na theluji kwenye shairi alituambia tuwafikirie dagaa wakiwa wameanikwa asubuhi, ufukwe mzima ukiwa mweupe hadi unaumiza macho. "Basi hiyo," alisema, "ila ni baridi na hailiwi." Mpaka leo sijaona theluji, na sijawahi kuifikiria kwa namna nyingine.

Riwaya yetu ya Kiafrika ilikuwa nakala moja kwa darasa zima. Ilisimulia habari za mama anayemtafuta mwanawe aliyechukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mbali. Mmoja alisoma kwa sauti, mwalimu akaeleza. Tulipofika mwisho tukakuta mwisho haupo. Kurasa zilikuwa zimechanwa. Pengine zilishafungia karanga miaka mingi kabla yetu. Mwalimu akavua miwani, akatusimulia yeye mwenyewe: mama anamkuta mwanawe, kijana anapiga magoti, wanarudi nyumbani wote wawili. Alisimulia vizuri mno. Jirani yangu alilia, akaandika yote kwenye daftari lake kwa mwandiko wake ule mdogo.

Jambo ambalo darasa halikujua ni kwamba mwalimu alikuwa haoni. Mimi nilijua. Siku moja nilimpelekea insha nyumbani kwake, nyuma ya shule, na kwa haraka zangu nikampa daftari la hisabati. Alilifungua, akapitisha kidole juu ya hesabu za pembetatu, akatikisa kichwa.

"Utangulizi wako ni mzuri," alisema. "Ila hitimisho limekuja haraka."

Kimya kilipokuwa kirefu, akalifunga lile daftari polepole.

"Nimeshika nini?"

"Hisabati, mwalimu."

"Wanajua wangapi?"

"Mimi tu."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu, binti," alisema, akanirudishia daftari.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwake kila jioni baada ya kufagia darasa, nikamsomea insha za wenzangu. Yeye alitaja alama, mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu. Insha za jirani yangu zilimfurahisha hadi akawa ananiambia nirudie aya. "Huyu," alikuwa akisema, "huyu atatutoa kimasomaso." Na mimi, nisikufiche, nilirudia aya hizo huku moyo unanichoma.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani nilikwenda kwa shangazi yangu aliyeishi Kiseke, mjini. Binti wa nyumba ya pili alikuwa akisoma shule ya mjini, na alikuwa na riwaya ile ile, nzima, na jalada lake. Nikamwomba. Nikakaa kwenye ngazi za jikoni kwa shangazi, nikasoma kurasa ambazo sisi hatukuwa nazo. Mama anamkuta mwanawe, ni kweli. Lakini kijana amekuwa msimamizi, amevaa viatu, yuko mbele ya wakubwa zake, na anapoulizwa huyu mwanamke ni nani anasema hamjui. Mama anageuka. Kitabu kinaishia hapo.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Nilikisoma zamani sana, chuoni," alisema. "Nikakumbuka mama na mtoto wake. Hayo mengine naona niliwarudisha nyumbani mwenyewe."

Akaniahidi atawaambia darasa kesho yake. Kesho yake akafundisha ushairi. Nikamfuata. "Wiki ijayo, binti, tukimaliza tamthilia." Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kusema amekosea bila mtu kumuuliza kwa nini hakutafuta kitabu kizima akakisoma.

Wiki ijayo haikumpa nafasi. Jumatatu mstarini mkuu wa shule alimpa waraka atusomee ratiba ya mitihani. Mwalimu aliushika. Akausogeza mbali, akausogeza karibu. Upepo wa ziwani ulikuwa unaipeperusha ile karatasi, na kwa muda tulidhani ni upepo. Kisha mtu wa mstari wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, umeushika kichwa chini!" Shule nzima ikacheka. Wacha nikuambie, sijasikia kicheko kibaya kama kile. Mwalimu alisimama palepale hadi kikaisha, akamrudishia mkuu karatasi kwa mikono miwili. Baada ya siku mbili ndugu zake walikuja wakamchukua. Tuliambiwa ni presha ya macho, imekula macho yote mawili, na alikuwa ameificha kwa miaka.

Zilibaki wiki mbili. Ningeweza kusimama mbele ya darasa nikasema mwisho wa kitabu ni hivi. Nilijiambia kwamba wameshamcheka kwa upofu, siwezi kuwapa na hili wamcheke tena. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho jirani yangu hakuwa nacho. Tulikaa dawati moja, viwiko vikigusana, akinisaidia sarufi, tukigawana michembe yangu, na mimi nikanyamaza siku kumi na nne.

Swali lilikuja. Lilitaka tueleze jinsi mwisho wa riwaya unavyobeba ujumbe wake. Niliandika kurasa tatu. Tulipotoka alinikuta kwenye tangi la maji, uso umemng'aa.

"Lile la mwisho umeandika nini?"

"Kwamba mtoto alimkana mama yake."

Alicheka, akidhani natania. "Si walirudi nyumbani?"

"Kitabuni hawarudi."

Akaacha kucheka. "Umejua lini?"

"Likizo."

Nilingoja anitukane, hata anipige. Alizifunga kalamu na rula yake kwa mpira, akazitia mfukoni.

"Mimi ningekuambia," alisema, akaenda kuwahi kivuko.

Sijui lile swali lilimpotezea alama ngapi. Labda chache, labda mawazo yaliyomtawala baada ya hapo yaliharibu na mitihani iliyofuata. Ninachojua ni kwamba matokeo yalipotoka mimi nilichaguliwa kidato cha tano na yeye hakuchaguliwa. Mama yake hakuwa na uwezo wa shule ya kulipia. Akaenda Nyakato, kiwanda cha samaki, akasimama kwenye barafu kukata minofu miaka mingi, hadi kifua kikamshinda. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Kiingereza. Nilipita nje ya geti la kile kiwanda mara nyingi. Sikuwahi kuingia kumwulizia.

Siku ya mazishi mama yake alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe mwalimu? Mwenzio alikuwa akikutaja. Alisema nyie wawili ndio mlikuwa mnakijua Kiingereza."

Kaka wa marehemu akaja na karatasi ya wasifu wake, akaniomba niwasomee waombolezaji, kwa kuwa mimi nimezoea kusimama mbele za watu. Nilisimama kando ya jeneza. Ilikuwa nusu ukurasa. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma. Kisha mstari mmoja: alihitimu kidato cha nne lakini hakubahatika kuendelea na masomo.

Nikausoma kwa sauti safi, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, nikaenda mstari uliofuata. Watu wakaitikia amina.

Mwalimu wetu alikwishafariki. Nyumba yake imebomolewa, na ufukwe wa bibi sasa umezungushiwa uzio. Watoto wa shule ile nasikia wana vitabu vya kutosha. Katika wote waliokuwa pale kaburini, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikuwa bahati tu, na nilikuwa nimeishika ile karatasi mkononi.