Ndege Waliogoma Kuimba

Vinyozi mtaani kwetu ni wengi, fundi ni mmoja, na mnamsoma hapa. Shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha yenyewe. Lakini leo nasimulia habari za dada yangu, mwalimu. Akili zote za nyumbani alizizoa yeye, sura akaniachia mimi.

Dada alipigania chumba cha kompyuta pale shuleni mpaka akapewa. Akawafungulia watoto ukurasa mmoja wa mtandaoni. Mmoja akiandika, wenzake wanaona hapo hapo. Tungeni hadithi, akawaambia. Wote wakaanza na asubuhi, jua zuri, ndege wanaimba, kama walivyokaririshwa kwa ajili ya mtihani. Darasa zima, ndege wale wale.

Mwalimu Mkuu akapita, akasoma. "Mwalimu, kukariri hata ubaoni wanakariri. Ijumaa nitasoma tena. Zikiwa hivi hivi, humu tunaweka madawati mabovu."

Dada akaja kibandani kwangu kanuna. Sasa, kwangu kuna sheria: ukikaa kwenye kiti cha kunyolewa, unaendeleza uongo pale alipoishia aliyetoka, na ni marufuku kurudia cha mwenzako. Siku hiyo tulikuwa na mbuzi aliyeajiriwa benki. Fundi bomba akampandisha cheo. Muuza mkaa akakaa, akamfukuza kazi kwa kula fomu za wateja. Dada akacheka bila kupenda.

"Mdogo wangu, hiki kiti nakiiba."

"Iba, ila waambie watoto mwenyewe nani."

"Nitawaambia nimeokota jalalani."

Kesho yake akaweka kiti kimoja mbele, na kompyuta yake. Anayekikalia anaandika mistari miwili, wengine wanafuatilia kwenye zao, kisha anampisha mwenzake. Wa kwanza alikuwa binti mmoja mpole. Akaandika ndege wanaimba. Darasa likaguna. Akafuta. Mwisho akaandika: "Leo ndege wamegoma kuimba. Wanasema wamechoka kuamshwa na insha zetu."

Basi, hapo ikawa vurugu tupu. Kila mtoto anataka kiti. Mmoja akaleta jogoo wa kusuluhisha, mwingine akamtia jogoo ndani kwa kupendelea.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alisoma amesimama, halafu akavuta kiti. Alipomaliza alisema tu, "Madawati yatafutiwe pengine."

Dada alinipigia simu. Hakunishukuru. Alisema watoto wake wanadanganya vizuri kuliko wateja wangu, nami nikakata simu kwa heshima.

Jumamosi nani anaingia kibandani? Mwalimu Mkuu. Kichwani hana unywele hata wa dawa. Akakaa kwenye kiti.

"Mzee, hapa tunyoe nini?"

"Ndevu. Halafu nisikie, yule jogoo alitoka?"

Nikamfunga kitambaa shingoni. "Aliye kwenye kiti ni wewe, mzee. Tuambie."

Akakohoa, akatazama dari. Benchi zima likamgeukia.

"Alitoka," akasema, "ila kwa masharti."