Kaburi Nyuma ya Kibanda cha Mama Auma

Harufu ya muhogo uliovundikwa hunirudisha hadi leo kijijini kwetu, nje kidogo ya Busia, miaka ile ya sitini nilipokuwa darasa la tatu. Mama Auma aliufunika kwa majani ya migomba mpaka uote ukungu, kisha akaukwangua na kuuanika mwambani. Watu wa ukoo wetu walipita pale wakitema mate, na jioni wakala ugali wa muhogo huohuo bila haya. Kijiji chetu kilikuwa hivyo. Juu tulikaa sisi Wakhayo, wenye ardhi. Bondeni palikuwa na nyumba chache za Wateso, na barabarani duka la Mhindi mmoja ambaye watu walimnyenyekea dukani na kumsengenya nyumbani. Chini ya wote walikuwa abamenya, watu waliopewa na mwenye ardhi kipande cha kulima, nao wakamfanyia kazi. Kwenye pombe wazee wetu walizunguka chungu kwa mirija yao mirefu. Abamenya waliletewa masazo nyuma ya nyumba.

Mama Auma alikuwa omumenya, mmoja wa abamenya hao, katika ardhi ya baba yangu. Mumewe alifariki baba akiwa safarini Tororo, na Mama Auma akamzika nyuma ya kibanda. Kosa hilo halikusameheka. Omumenya hazikwi kwa mwenyeji wake, maana mtu akishazikwa mahali, watoto wake wana haki ya kupaita kwao. Baba aliporudi aliamuru kaburi lisawazishwe na migomba ipandwe juu yake. Mimi na Auma, binti yao, rika langu na rafiki yangu, tulipalilia pale na kuweka maua kwa siri.

Kisha ikasemwa mashamba yatapimwa. Liguru, mkuu wa kijiji, akaja na karani kuandika nani mwenyeji na nani mgeni. Mwenyeji angebaki na kipande chake, mgeni angehama.

“Huyu mama ni mgeni,” baba alisema. “Andika kwao ni Uganda.”

Mama Auma hakupandisha sauti. “Karani, bwana yangu amelala hapa nyuma. Ni miaka minne sasa.”

“Mzee, iko kaburi hapa?” karani akamuuliza baba.

“Hapa ni migomba tu.”

Karani akanigeukia, nadhani kwa sababu nilivaa sare ya shule. “Wewe msichana, umeona kaburi hapa?”

Auma alikuwa akinitazama. Baba pia.

“Sijaona,” nikasema.

Walihama wiki ileile kuelekea Sio Port. Auma alibeba ungo wa muhogo kichwani, na hakuniaga. Baba alininunulia viatu, nikavivaa.

Siku hizi pale kijijini wanakaa watu wa kila kabila, madereva wa malori na mawakala wa mpakani, na neno omumenya halitamkwi tena. Wanaitwa wapangaji, na tunajiona tumestaarabika. Kile kipande cha Mama Auma kina hati yenye jina langu. Ndugu zangu hujivunia kwamba kwetu hata mabinti hurithi, nami najichukia kila wanaposema hivyo. Juzi mjukuu wangu aliniuliza kwa nini hatulimi pale penye migomba. Nilikuwa nimepata maisha mazima ya kuandaa jibu. Nikamwambia pana mawe.