Haki ya Loshoro

Redio binafsi ziliporuhusiwa, nilipata kazi katika kituo kipya pale Kaloleni, kwenye vyumba viwili vilivyokuwa bado vinanuka viatu vya mpangaji wa zamani. Vipindi vya kujaza siku hatukuwa navyo. Mtangazaji mmoja mstaafu akatuletea mkanda wa miaka ya nyuma ambamo babu yangu, marehemu, alihojiwa kuhusu kahawa. Bosi alifurahi, ila mwanasheria akasema hakuna kuurusha tena bila ridhaa ya wenye haki. Kwa upande wa babu, mwenye haki ni bibi.

Tukapanda hadi kwake, kwenye miteremko ya Meru. Bosi, na tai yake na viatu vilivyojaa tope, akatoa shikamoo kisha akaingia kwenye mada.

"Bibi, tumekuja kwa ajili ya haki, kuhusu yale aliyosema marehemu redioni."

Bibi akaweka chini kisu cha kumenyea ndizi. "Haki! Mmechelewa, lakini karibuni."

Nilijua tumekwisha. Bosi alimaanisha hakimiliki, bibi alimaanisha loshoro. Katika mahojiano yale babu aliiacha kahawa kidogo, akaitangazia nchi nzima kwamba loshoro, ile ya ndizi na maziwa mgando, hajaona wa kuipika kama mama yake mzazi. Bibi aliyasikia kwa jirani, mbele ya wanakwaya wenzake. Babu alishikilia mpaka anazikwa kwamba bibi alisikia vibaya.

"Hicho kipande tutakikata," bosi akaahidi.

"Ukate ushahidi? Mtarusha chote, na mimi nimjibu hapohapo. La sivyo, hamrushi."

Sikubishana, namjua. Nikaandaa kinasa sauti, bosi akaucheza mkanda ili bibi ajue anachojibu.

Babu akakohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kusema. Bibi, aliyekuwa amejifunga kanga kiunoni tayari kwa vita, akaketi. Loshoro ikatajwa.

"Si mmesikia? Alisema!" Kisha akasogea karibu. "Hebu rudia."

Tukarudia. Akaomba tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na bosi akajifanya anakagua betri.

"Haya bibi, jibu lako," nikasema, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Akakiinamia kinasa sauti, akapaza sauti kama anayemwita mtu aliye shambani.

"Mzee, nimekusikia. Njoo ule hivyohivyo."