Mteja wa Mwisho wa Toleo la Zamani

Nilipotoka eda nilirudi ofisini Port Reitz, kwenye chumba cha juu ya duka la vipuri ambamo mimi na mume wangu tulikuwa tukiandika programu za kompyuta na kuwauzia wenye maduka. Niliwasha mashine nikaanza kazi. Watu walingoja nilie, sikulia. Mwili mzima ulikuwa kama umetiwa ganzi.

Tulibaki wawili, mimi na fundi mwenzetu kutoka bara, mtu mzima mwenye familia yake. Wiki hiyo hiyo akanivutia kiti.

"Dada, lugha tunayoandikia programu ina toleo jipya siku nyingi sasa. Wateja wote wana mashine zinazolikubali. Amebaki yule mzee wa duka la dawa, mtaani Ziwa la Ng'ombe. Kwa ajili yake kila kitu tunakiandika mara mbili."

"Najua."

"Basi toleo la zamani tuliache lini?"

"Bado."

Hakuuliza sababu. Programu ya duka la dawa ndiyo ya kwanza mume wangu kuiuza, na mimi niliamini alikuwa amemwahidi yule mzee kuwa hatamwacha. Kwa hiyo nikaendelea. Kila amri mpya niliyoihitaji, niliitafutia njia ya kuzunguka ili mashine ile kuukuu iielewe.

Kisha duka moja la vifaa vya ujenzi Changamwe likataka kompyuta zake mbili zitumie hesabu moja ya bidhaa. Toleo jipya liliweza hilo bila taabu, lakini mimi nikang'ang'ana programu iwe moja, ya wenye mashine mpya na ya mzee. Tulipoiweka kwenye kompyuta za duka, misumari iliyouzwa kaunta hii ikaonekana bado ipo kaunta ya pili. Mwenye duka alimrudisha mteja mikono mitupu, kisha akanigeukia.

"Mama, mimi nilitaka kitu kinachofanya kazi."

Mwenzangu alikaa akaondoa yote niliyoyatia kwa ajili ya toleo la zamani. Kabla ya adhuhuri programu ilikuwa sawa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kesho yake nilikwenda Ziwa la Ng'ombe. Mzee alikuwa akipanga chupa za dawa ya kifua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena na msiba."

Nikamweleza. Programu yake itaendelea kama ilivyo, lakini mwaka ukiisha hatutaongeza kitu wala kurekebisha kitu ndani yake. Alisikiliza huku akizigeuza chupa majina yatazame mbele.

"Marehemu alikuja na maneno hayo hayo," akasema.

"Lini?"

"Kabla hajaugua. Alisema ninunue mashine nyingine, amechoka kuandika mara mbili. Mimi ndiye niliyemwambia ngoja kwanza. Kwani hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Labda alisahau, Mungu amrehemu."

Aliniagizia soda. Nikainywa pale pale kaunta, nikijitazama ndani kama nitakuta hasira, au uchungu, au japo kicheko. Sikukuta chochote. Nilihisi tu baridi ya chupa mkononi.

Mzee alinunua kompyuta iliyotumika kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifungwa. Mwenzangu akamhamishia kila kitu. Majina ya dawa mawili matatu yalikatika mwisho, akarudi kuyatengeneza, ikawa basi. Disketi za toleo la zamani tulizitia katika boksi, akaliweka juu ya kabati.

Tangu hapo tuliandika mara moja tu. Kazi ikapungua. Nikawa nafika nyumbani jua lingali juu, nakaa kitandani na buibui langu mwilini, sijui la kufanya na saa zilizobaki.