Foni Haitaki Kelele

Siku yangu ya kwanza kwenye atelye ya Murara, karakana ya redio mjini Goma, nilivaa kikwembe, kitenge changu cha misa, kwa sababu mama yangu alisema kazi huanza na nguo. Shefu wa Atelye alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akanipa brashi ya meno na chupa ya spiriti, akanionyesha ampli iliyojaa vumbi jeusi.

"Anzia hapa," akasema. "Hii vumbi ya volkano ikishika maji, inapitisha umeme. Na hiyo kikwembe, kesho uiache ku nyumba."

Kikwembe kilikwisha siku hiyo hiyo. Kazi ilinichukua mpaka nikastaafu.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, acheni niwaeleze kwanza. Foni ni redio ya kuongelea ya masafa marefu. Haihitaji mnara wala mtandao. Inahitaji betri, waya mrefu uliotandazwa juu ya miti, na mtu upande wa pili. Foni yenyewe ina nguvu ndogo, kwa hiyo nyuma yake tunaweka ampli, sanduku la kuikuza ile nguvu ili ivuke milima ya Masisi. Kusikia hakuhitaji ampli. Kujibu ndiko kunakoihitaji. Shikeni hilo, maana hadithi yangu yote iko hapo.

Moyo wa ampli ni transista. Zetu za zamani zilikuwa kubwa, zenye kofia nyeupe na miguu mipana, nasi tuliziita kwa namba yao, 2879, kwa Kifaransa vingt-huit septante-neuf. Zilikaa mbili mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kama watu wawili kwenye msumeno wa mbao. Shefu alinikuta nikichomoa ile moja iliyokufa na kuiacha nyingine.

"We mutoto wa Bukavu, unafanya nini?"

"Hii ingine ni nzima, Shefu."

"Hizi ni mapasa! Kwenu munanunulia pasa moya kikwembe, mwingine anabaki anaangalia? Unaondosha zote mbili, unatia mbili zenye kupimika sawasawa."

Mapasa ni mapacha, na kila mtu huku anajua huwezi kumpa mmoja ukamnyima mwenzake. Transista mpya ikifungwa na ya zamani, moja hubeba mzigo wote na kuungua. Jambo la pili alilonifunza ni kutovunja ile kofia nyeupe kwa udadisi, kwa sababu unga wake ni sumu ya mapafu. Shefu alikuwa mkali kama pilipili ya Kibumba, na nilimpenda kwa hilo.

Kibumba ndiko walikonipeleka baadaye, kwenye kituo cha kupokezana habari, katikati ya mashamba ya viazi na kabichi. Baridi ya kule huwezi kuifanyia mzaha. Ndipo nilipokutana na ugonjwa uliotuulia transista nyingi kuliko radi: adabu.

Ndiyo, adabu. Mtu wa milimani akimwita jirani wa mlima wa pili, anapaza sauti. Kadiri unavyomheshimu, ndivyo unavyopaza zaidi. Anayenong'ona ni mwizi au msengenyaji. Sasa mpe mtu huyo maikrofoni, umwambie mkubwa wake yuko mbali sana. Atapiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame. Na foni zetu hutumia nguvu kufuata sauti: ukinyamaza, ampli inapumzika, ukiongea inafanya kazi, ukipiga kelele inapita kiasi, transista zinapata moto, na yule wa mbali anasikia makelele yaliyochanika tu.

Mkuu wa Kituo cha Kibumba, mtu wa kwetu upande wa Bukavu na Mkatoliki wa kila asubuhi, alikuwa na dawa yake. "Mubaambie baongee sawa mu maungamo," alikuwa akisema. "Padri anasikia, Mungu anasikia, jirani hapana." Wakatoliki walielewa. Wengine walicheka, wakaendelea kupiga kelele.

Nilirudi Goma kuwa mkuu wa ufundi kwenye kituo kikuu cha mtandao wetu wa vituo vya afya. Opereta wetu alikuwa Muzee Bahati, mwana wa wafugaji wa Masisi, mtu mwema kabisa, mwenye koo lililokuzwa kwa kuita ng'ombe toka bonde moja hadi jingine. Akisema "Allô" kituoni, waliokuwa barabarani waliitikia. Nilimzungumzia habari ya maungamo, naye akanijibu, "Mama Neema, mimi niko Adventiste."

Kisha simu zikaenea. Daktari Mratibu, aliyekuwa juu yetu sote, aliingia atelye akitabasamu. "Mama Neema, hii ni musée sasa, ni makumbusho. Peleka yote mu dépôt." Nilipeleka ghalani zilizoharibika. Foni na ampli moja iliyobaki nzima nilivibakiza mezani na kuvifunika kwa kitambaa. Mratibu aliona, akaniachia, na namshukuru kwa hilo.

Binti yangu Neema alisomea ukunga. Alipopata kazi kwenye kituo cha afya cha mbali huko milimani, nilikataa. Nilimwambia hali ya kule si nzuri, Goma ina hospitali nyingi, na mimi sina binti mwingine. Aliondoka hivyo hivyo. Ana kichwa kigumu, na wanaotufahamu sote wawili husema hakukiokota barabarani.

Haukupita muda mrefu, simu zikafa. Minara ya kule ilizimika, na hakuna aliyepanda kuitengeneza. Mratibu alikuja mwenyewe kukiondoa kile kitambaa. Tukawasha foni, na saa ya kuitana asubuhi nikamsikia mtoto wangu.

"Goma, Goma, hapa ni Neema. Munanisikia? À vous."

"À vous" ndilo neno la kumpa mwenzako zamu. Muzee Bahati alishika maikrofoni kwa furaha, akavuta pumzi, akamwitikia kama mtu anayeita kundi zima lirudi zizini. Ampli ikatoa harufu ya kuungua, sindano ya kipimo ikaanguka. Mapasa yote mawili yalikuwa yamekufa.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Tulikuwa na masikio bila mdomo. Kila asubuhi tulimsikia vizuri kabisa, na kila asubuhi foni tupu, bila ampli, haikumfikia. Alisubiri, akarudia, akasubiri tena. Baada ya hapo akaanza kuongea tu, kama mtu anayeongea na ukuta, kwa kuwa aliamini hakuna anayesikia. Alituambia mvua inavyonyesha. Alituambia anaogopa. Asubuhi moja akasema, "Kama kuna mutu ananisikia, amuambie mama yangu sijuti kuja huku." Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji, kisha nikarudi mezani.

Transista zile hazitengenezwi tena. Nilikwenda Birere, sokoni, nikapata jozi. Muuzaji aliapa ni original. Namba ilikuwa imeandikwa vizuri kupita zile za kiwandani, na hilo peke yake lilinitia shaka. Nilizifunga, nikaunganisha antena ya uongo, yaani kinzani kubwa linalomeza nguvu badala ya kuitupa hewani, ili kupima bila kumsumbua mtu. Kwa sauti ndogo zilitoa nguvu ya redio ya kuchezea. Nilipoongeza kidogo zikapasuka. Zilikuwa transista nyingine dhaifu, zilizofutwa jina na kubatizwa upya. Niliingiza jozi ya pili toka kwa muuzaji mwingine, nazo zikafa vilevile.

Asubuhi iliyofuata Neema alikuwa na habari mbaya. "Kuko mama mwenye mimba anatoka damu. Dawa iliisha. Wabebaji watafika usiku; kesho asubuhi, saa ya kuitana ikiisha, tutamubeba ku tipoi, tushuke njia ya daraja."

Tipoi ni machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani. Na sisi Goma tulijua, kwa kuambiwa na madereva wa pikipiki, kwamba daraja lile lilikuwa limechukuliwa na maji. Mratibu alimtuma motari, yaani dereva wa pikipiki, mara moja, akiwa na dawa, kwa njia ya juu. Lakini njia ya juu ni ndefu, asingefika kabla hawajaondoka. Wakishuka kwa daraja, dawa ingekuta kituo kitupu, na yule mama angefika ukingoni mwa mto ambao hauvukiki.

"Mama Neema, tufanye nini?" Mratibu akaniuliza.

"Tunamujibu kesho."

"Na transista gani?"

"Ata za konvertisa."

Sikusema hivyo kwa kuotea. Pale dépôt palikuwa na konvertisa za sola zilizokufa, zile za kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na ndani yake mna transista za aina nyingine, mosfeti. Hazikuzaliwa kwa redio. Hata hivyo mawimbi yetu ya milimani ni ya chini, na kwa mawimbi ya chini zinaweza kubembelezwa. Tatizo ni kwamba huwezi kuzibandika tu mahali pa zile za zamani. Transista huhitaji umeme mdogo wa kuiamsha kabla sauti haijafika, na mosfeti huhitaji mwingi zaidi ili iamke, ukizidisha hata kidogo inaungua ikiwa imekaa tu. Tena mgongo wake una umeme, lazima uutandikie karatasi ya maika isiyopitisha umeme kabla ya kuubana kwenye bamba la kupozea, la sivyo ni cheche.

Nilifungua konvertisa zote. Nilipima kila moja mpaka nikapata mbili zinazoamka pamoja. Nilibadilisha kinzani, nikasuka upya koili ya kuingizia, nikaongeza umeme wa kuamsha polepole huku kidole kikiwa juu ya bamba. Kabla jua halijazama, antena ya uongo ilikuwa imepata joto. Nguvu ilikuwa nusu ya zamani, labda pungufu. Ingetosha, kwa sharti moja, na sharti hilo lilikuwa limekaa kwenye kiti cha opereta.

Nikamwambia, "Muzee, kesho ukipiga kelele, hii inakufa, na sina ingine."

Akashika kichwa. "Nikimuongelesha mukunga polepole, ataona ni dharau."

"Ataona uko unamuokoa."

Alfajiri alikuwa amefika kabla yangu, akifanya mazoezi peke yake kwenye kona. Saa ya kuitana ilipofika, sauti ya Neema ikaingia. Muzee Bahati akaweka maikrofoni karibu na mdomo na kusema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Neema, hapa ni Goma. Muzee Bahati. Musipite ku daraja. À vous."

Bamba lilikuwa vuguvugu tu. Muzee akaachia kitufe. Halafu:

"Ni nani huyo?"

Tukatazamana.

"Muzee Bahati haongeake vile," Neema akasema, na sauti yake ilikuwa ya hasira. "Wewe ni nani? Unataka tupite wapi, utuvizie? Tunatoka sasa."

Hilo hatukulifikiria. Siku zile kulikuwa na watu wanaoingia kwenye mawimbi ya wengine na kuwadanganya, na opereta anayenong'ona kule milimani ni mtu mwenye nia mbaya. Muzee Bahati akavuta pumzi nzito, nikaona shingo yake inaanza kujaa. Nikamnyang'anya maikrofoni.

"Neema, ni mama yako."

Akauliza kwa ukali, "Kama uko mama, sema: siku nilitoka, ulinifungia nini mu sakoshi ya safari?"

Mratibu alikuwa amesimama nyuma yangu, na wauguzi mlangoni. Nikasema polepole, "Hakuna. Nilikuwa na kasirani. Nilikaa ku jiko, sikukushindikiza hata ku mulango."

Nikasikia pumzi yake. "Mama," akasema.

"Daraja halipo. Mubakie fasi muko. Motari iko njiani na dawa, anapita juu. À vous."

"Tunabakia. Mama, tunabakia." Akasahau kabisa kusema à vous.

Dereva aliwakuta mchana, dawa ikafanya kazi, na yule mama akapona na kujifungua. Zile mosfeti zilidumu mpaka minara iliporudi, na Muzee Bahati hakupaza sauti tena, ingawa vituo vyote ilibidi tuvieleze kwamba hajaugua.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Majengo, na mafundi vijana huniletea ampli zao za zamani. Nawaambia wasililie namba ambayo haipo tena sokoni. Watafute kilichopo, wajue tabia yake, wakipime kwenye antena ya uongo, na wamfundishe anayekitumia, maana kipuri kizuri mikononi mwa mpiga kelele ni hasara. Aliyekwambia haiwezekani, mwulize kwanza kama ameshafungua konvertisa.

Siku ya misa yangu ya kustaafu Neema alishuka toka milimani. Tulikaa uani, sahani za sombe na samaki mapajani, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Mama, zile asubuhi zote, mulikuwa munanisikia?"

"Yote."

"Hata ile ya sijuti?"

"Hata ile."

Akaitazama sahani yake. "Na ulisema nini?"

"Nilisema ngoja nitengeneze kwanza hii mashini, kisha nitamujibu."

"Ulitengeneza zamani, mama. Haujajibu."

Ni kweli. Kulikuwa na wageni wengi, na mimi si mtu wa maneno laini. Nikaweka sahani chini.

"Ulifanya vizuri kuenda," nikamwambia. "À vous."