Mbuzi Aliyesomwa Kwenye Baa ya Waingereza

Jumapili moja, tukitoka ibadani, niliambiwa kwamba msusi wangu amefariki. Nilisimama mlangoni mwa kanisa, na kilichonijia kichwani si saluni yake wala misuko aliyonisuka, bali mbuzi. Mnivumilie, wasomaji wangu, nieleze.

Alikuwa mama wa Kikongo, mlokole asiyegusa pombe, mpenda vitabu kupita kiasi. Siku moja akinisuka aliniambia kuwa kule Westville, mtaa wa Wazungu huku ugenini, ipo baa ya mtindo wa Kiingereza, kuta zake zimejaa vitabu, na jioni moja kila mwezi yeyote huruhusiwa kusimama na kusoma. Alitaka nimpeleke kwa gari langu. Nikamwambia pale si mahali petu, tutaishia kutazamwa tu. Akanivuta nywele kuliko kazi ilivyohitaji. "Dada," akasema, "kama iko vitabu, basi ni kwetu."

Tukaenda. Mbao nyeusi, mazulia mazito, na kila bia imepewa jina la mshairi. Yeye akaagiza chai. Watu walisoma, wakapigiwa makofi ya adabu. Kisha akainuka, akafungua karatasi zake, akasoma kwa Kiswahili kisa alichokitunga mwenyewe, cha mbuzi aliyeingia kanisani Bukavu katikati ya harusi. Mimi niliinamia meza kwa aibu. Hakuna aliyeelewa neno, lakini alimwigiza mbuzi, akamwigiza mchungaji, akamwigiza bibi harusi anayenyang'anywa maua, hata baa nzima ikacheka. Ghafla akaketi, kisa hakijaisha. Mzee mmoja Mzungu akatufuata mezani kuuliza kisa kinaishaje. Msusi wangu akamwambia aje mwezi ujao ausikie mwisho.

Mzee alikuja. Nasi tulikuja, safari hiyo meza nzima, Wakongo na Warundi, vijana wa maduka ya simu na wasusi wenzake, tukinywa soda na kubishana juu ya hadithi. Mzee tukamvutia kiti. Ikawa desturi.

Kwenye mazishi ya msusi wangu nilimkuta mzee yule amekaa nyuma, suti imembana. Aliniambia kwamba tangu mkewe afe alikuwa akinywa peke yake pale kaunta, na meza yetu ndiyo ya kwanza kumwita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu huku ugenini tunakaa tukisubiri hiyo "njoo". Msusi wangu hakuisubiri. Aliingia, akaagiza chai, na mwenyeji akapona.