Mota Iliyonyamaza kwa Fundi

Kwa fundi baiskeli, hapa Ifakara, tulikuwepo wanne: fundi mwenyewe, aliye Mpogoro, mwalimu mstaafu wa Namawala, mama muuza vitumbua, na mimi. Mwalimu alifuata baiskeli yake aliyoachiwa na Mzungu mmoja, yenye mota inayomsaidia mtu anapokanyaga pedali.

Fundi aliipindua magurudumu juu, kama baiskeli zote, akazungusha pedali kwa mkono. Mota kimya.

“Jana ilivuma,” alisema mwalimu. “Umechomoa nini?”

“Nimekaza breki tu, mwalimu wangu.”

“Geuza mifuko.”

Fundi aliigeuza mbele yetu. Ilikuwa mitupu.

“Basi mvue na suruali!” alisema mama wa vitumbua.

Mwalimu aliisimamisha baiskeli, akaipanda kwenda kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi. Alipokanyaga tu, mota ikavuma. Kumbe kifaa chake cha kuhisi hungoja nguvu ya mguu. Akapita kwa balozi bila kusimama.

Sisi hupekua mifuko ya mtu kabla ya kukichunguza chombo.

Nilimsihi mwalimu akamwombe fundi radhi. Alijibu, “Nitapita Jumamosi.”

Fundi alifariki Alhamisi, kwa malaria.